Mbwa Aliyeokotwa Atolewe Kizazi Lini, na kwa Gharama ya Nani?

Kila mji wetu wenye soko, kituo cha mabasi au machinjio una mbwa wake wasio na mwenyewe. Aghalabu hutokea mtu mmoja, pengine mwanafunzi, pengine mama lishe, pengine mlinzi wa usiku, akamhurumia mmoja wao, akampa maji na makombo, akamtoa kupe, na baada ya wiki chache akawa naye nyumbani. Majirani wengine humsifu, wengine humcheka. Lakini ikiwa mbwa huyo ni jike, tendo hilo la huruma bado halijafika nusu yake. Miezi michache baadaye mbwa yule yule, ambaye sasa anakula vizuri na ana nguvu, atazaa watoto watano au sita, na watoto hao ndio watakaorudishwa jalalani ndani ya mfuko wa salfeti, usiku, ili anayewatupa asionekane.

Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba kumtoa kizazi mbwa jike aliyeokotwa ni sehemu ya kumwokoa, wala si anasa ya matajiri. Kwamba wakati unaofaa unaweza kueleweka na kila mwanafunzi aliyesoma mfumo wa uzazi katika somo la baiolojia. Na kwamba si haki gharama yake kubebwa na yule mwenye huruma peke yake, maadamu faida yake ni ya mtaa mzima.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Watu wengi husema mbwa jike "amehasiwa", neno ambalo kwa asili ni la dume. Wengine husema "amefungwa kizazi", na hapa kuna upotoshaji, kwa sababu hakuna kinachofungwa. Mama anayefungwa kizazi hospitalini hubaki na ovari zake, na homoni zake huendelea kama kawaida. Kwa mbwa jike daktari huondoa ovari zote mbili, na mara nyingi mfuko wa uzazi pamoja nazo, mnyama akiwa amelala kabisa kwa dawa ya usingizi. Chanzo cha homoni za uzazi kikishaondoka, joto halirudi tena, damu haidondoki tena, na madume ya mtaa mzima hayapigani tena mlangoni. Kwa hiyo katika makala haya tutasema kutoa kizazi.

Yupo atakayeuliza kwa nini tushughulike na mbwa ilhali zahanati zetu zina upungufu wa dawa. Jibu limo katika ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na takriban watu 40 katika kila 100 wanaokufa ni watoto wenye umri usiozidi miaka 15. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka, idadi iliyokuwa mara nyingi zaidi ya ile iliyoandikishwa katika taarifa rasmi, kwa sababu wagonjwa wengi hufia nyumbani. Dalili zikishaonekana hakuna tiba. Anayekufa mara nyingi ni mtoto aliyecheza na mbwa wa jirani.

Hata hivyo yafaa tuwe wakweli. Kinachozuia kichaa cha mbwa ni chanjo. Katika Wilaya ya Serengeti, kampeni za kuchanja mbwa zilizofanywa kati ya mwaka 1996 na 2001 zilipunguza ugonjwa kwa mbwa kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na asilimia 97 baada ya ya pili. Kisiwani Pemba ugonjwa ulikomeshwa kwa chanjo, ukaingizwa tena baada ya miaka michache, ukakomeshwa tena chanjo ziliporudiwa. Hakuna mahali popote ambapo kisu cha daktari peke yake kimefanya kazi hiyo. Na kuua mbwa kwa risasi au kwa nyama yenye sumu, njia ambayo halmashauri nyingi za Afrika Mashariki zimeitumia tangu wakati wa ukoloni, hakujafanya kazi hiyo pia. Huko kisiwani Flores, Indonesia, baada ya ugonjwa kuingia mwaka 1997, mbwa wengi mno waliuawa, na ugonjwa ukabaki. Mbwa waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa, wenyeji huficha au huhamisha wale wanaowapenda, na nafasi zilizoachwa wazi hujazwa na watoto waliozaliwa jana.

Hapo ndipo kizazi kinapoingia. Wataalamu hulenga kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, lakini kiwango hicho huanza kushuka siku ile ile kampeni inapokwisha, kwa kuwa mbwa waliochanjwa hufa na watoto wasiochanjwa huzaliwa. Mahali ambapo mbwa wa mtaani huishi miaka michache tu na majike huzaa kila wapatapo nafasi, kikapu hiki huvuja haraka. Mbwa jike aliyechanjwa na kutolewa kizazi hubaki mahali pake kwa miaka kadhaa, akiwa na kinga, bila kuongeza wasio na kinga. Nadhani hoja hii inatosha. Haihitaji kutiwa chumvi.

Nasema hivyo kwa sababu zipo karatasi za uenezi zinazodai kwamba mbwa jike mmoja na uzao wake huweza kuwa mbwa 67,000 katika miaka 6. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hilo, kisha awaulize: mbwa hao wako wapi? Hesabu hiyo huchukulia kwamba kila mtoto huishi, kila jike huzaa mara mbili kwa mwaka bila kukosa, na chakula hakiishi. Sivyo mambo yalivyo. Mbwa wa mtaani hawajazi nchi kwa sababu watoto wao walio wengi hufa kabla ya kutimiza mwaka: kwa njaa, kwa minyoo, kwa magurudumu ya magari, kwa mawe. Idadi ya mbwa mtaani huweza kubaki ile ile miaka mingi, na uthabiti huo hulipiwa kwa vifo. Mtu aonaye kwamba kumtoa mbwa kizazi ni ukatili na apitie jalalani mwezi mmoja baada ya msimu wa kuzaa.

Sasa tuje kwenye swali la wakati, ambalo ndilo huwachanganya wengi. Mbwa jike wa kienyeji hupata joto lake la kwanza akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 12, na baadaye joto humrudia kila baada ya miezi 6 au 7 hivi. Joto lenyewe lina sehemu mbili. Katika siku 9 za kwanza, kwa wastani, sehemu za siri huvimba, damu hudondoka, madume humfuata lakini yeye huyakataa. Katika siku 9 zinazofuata damu hupungua au hubadilika rangi na kuwa kama maji yaliyooshewa nyama, naye huyakubali madume. Wenye mbwa wengi hukosea hapa: wakiona damu imekoma hudhani hatari imepita, wakamfungulia, kumbe ndiyo imeanza. Siku hizo hutofautiana sana kati ya mbwa na mbwa. Salama ni kumfungia wiki 3 kamili, tena si kwa uzio wa miiba, kwani dume lenye nia huchimba.

Baada ya joto huja kipindi ambacho mwanafunzi wa baiolojia atakifurahia, maana mbwa hutofautiana hapa na binadamu na ng'ombe. Ovari za mbwa huendelea kutoa homoni ya projesteroni kwa muda wa miezi 2 hivi, awe ana mimba au hana. Kwa mwili wake, kila joto ni kama mimba. Homoni hiyo inaposhuka mwishoni, homoni ya maziwa hupanda, na ndiyo maana mbwa ambaye hakupandwa kabisa huweza kuvimba matiti, kutoa maziwa, na kubeba kiatu cha mtu akakilaza pembeni kama mtoto. Kipindi hicho kikiisha, mfumo wa uzazi hupumzika kwa miezi kadhaa: mfuko ni mdogo, mishipa yake ya damu ni myembamba, homoni zimetulia.

Mapumziko hayo ndiyo wakati bora wa kazi ya daktari. Akipasuliwa akiwa kwenye joto, mishipa imejaa damu na tishu ni laini, hivyo hatari ya kuvuja damu huongezeka. Akipasuliwa ndani ya miezi 2 baada ya joto, projesteroni hushuka ghafla, naye huweza kuingia katika mimba ya uongo ambayo sasa haina mwisho ulio wazi. Kwa hiyo, kwa jike ambaye amekwisha kupata joto, hesabu miezi 3 hivi tangu damu ya kwanza, kisha usichelewe sana, kwa maana joto jingine linakuja.

Na jike mdogo ambaye hajapata joto? Hapa vitabu hutaja utafiti wa Schneider na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1969, uliosema kwamba mbwa aliyetolewa kizazi kabla ya joto la kwanza alikuwa na hatari ya saratani ya matiti iliyo sawa na asilimia 0.5 tu ya hatari ya mbwa mwenye kizazi. Akitolewa baada ya joto moja, asilimia 8. Baada ya majoto mawili au zaidi, asilimia 26. Tarakimu hizi hunukuliwa vibaya mara nyingi. Hazisemi kwamba mbwa 26 katika 100 watapata saratani. Zinasema hatari ilikuwa kama robo ya ile ya mbwa asiyeguswa. Tena, wataalamu wa Uingereza waliopitia tafiti zote za jambo hili mwaka 2012 waliona kwamba ushahidi ni dhaifu kuliko watu walivyodhani. Sisemi utafiti wa 1969 ulikuwa wa uongo. Nasema usitumiwe kumtisha mtu.

Ugonjwa mwingine una ushahidi ulio thabiti zaidi, nao ni usaha katika mfuko wa uzazi. Takwimu za bima za mbwa nchini Sweden, ambako kwa desturi majike mengi hayatolewi kizazi, zilionyesha kwamba karibu robo yao walikuwa wameupata kabla ya kufika umri wa miaka 10. Usaha huo huja wiki chache baada ya joto, mbwa huacha kula, hunywa maji kupita kiasi, na asipopasuliwa upesi huweza kufa. Kisu anachokwepa mwenye mbwa leo kwa sababu ya bei, atakihitaji siku hiyo kwa bei kubwa zaidi, kwa mbwa mgonjwa, pengine usiku. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Upande wa pili una hoja zake pia. Mbwa wakubwa wakitolewa homoni mapema, mifupa yao huchelewa kufunga na maungo huweza kupata kasoro. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mwaka 2020 matokeo kuhusu mbwa wa mchanganyiko: wale waliofikia kilo 20 na zaidi, wakifanyiwa kabla ya mwaka mmoja, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya maradhi ya maungo, wale wa chini ya kilo 20 hawakuonyesha tofauti ya maana. Mbwa wetu wa kienyeji walio wengi hawafiki kilo 20. Ushauri wangu basi ni huu: mbwa wa kienyeji mdogo na atolewe kizazi akiwa na miezi 5 hadi 7, kabla ya joto la kwanza, mbwa mwenye damu ya kizungu anayeelekea kuwa mkubwa na asubiri hadi atimize mwaka, ikiwa, na tu ikiwa, mwenyewe ana mahali pa kumfungia. Kwa watoto wa wiki 8, jambo linalofanywa katika vituo vya nchi zenye vifaa kamili, nisingependekeza kwetu mahali pasipo na vifaa vya kupima joto la mwili na sukari, kwa sababu mtoto mdogo hupoa haraka na huishiwa sukari mezani.

Lakini mbwa aliyeokotwa haji na cheti cha kuzaliwa. Umri hukadiriwa kwa meno: meno ya utoto hung'oka kati ya mwezi wa 4 na wa 7, na mbwa mwenye chonge kubwa nyeupe zisizochakaa kwa kawaida amevuka nusu mwaka lakini bado kijana. Chuchu ndefu zilizolegea huonyesha kwamba amewahi kunyonyesha. Kuhusu joto lake la mwisho, hakuna ajuaye. Basi kwa wiki 3 au 4 za mwanzo mtazame tu. Apewe chanjo ya kichaa cha mbwa mara moja akiwa na miezi 3 au zaidi, apewe dawa ya minyoo, na kupe watolewe. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza vimelea vya Ehrlichia, ambavyo hupunguza chembe sahani, yaani zile zinazosaidia damu kuganda. Mbwa huweza kuonekana mzima, kisha akavuja damu mezani bila kukoma. Ufizi uliopauka, madoa mekundu tumboni au damu ya pua ni ishara za kumwambia daktari kabla hajashika kisu. Vimelea hivyo hutibika kwa doksisaiklini, dawa isiyo ghali.

Jambo moja huwapotosha hata watu makini. Mbwa aliyeokotwa hudondosha damu, mwenyewe akadhani ni joto, akasubiri. Wiki 3 zikapita, damu ingalipo. Miezi 2, ingalipo. Yaelekea hilo si joto bali ni uvimbe wa saratani ya sehemu za siri inayoambukizwa kwa kupandana, yenye sura ya koliflawa na inayovuja damu kwa urahisi. Ni moja ya saratani chache duniani ambazo chembe zake zenyewe huhama kutoka mnyama hadi mnyama: ilianza kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, na chembe za mbwa huyo zinaendelea kuishi leo katika mbwa wa mitaani wa mabara mengi. Tiba yake ni vinkristini, dawa inayodungwa mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, na ambayo asili yake ni mmea wa Madagaska, lile ua dogo la waridi au jeupe lipandwalo pembeni mwa nyumba nyingi za pwani. (Asijaribu mtu kuchemsha majani yake, ni sumu.) Mbwa huyo atibiwe kwanza, kizazi baadaye.

Akiwa ananyonyesha, subiri watoto waachishwe ziwa, wiki 6 hadi 8, na maziwa yakauke wiki nyingine mbili hivi. Wakati wote huo asikutane na dume. Akiwa na mimba changa, daktari anaweza kuondoa mfuko pamoja na mimba. Wapo ambao dhamiri zao hazikubali, na sitabishana nao. Ila wajue kwamba mimba ya mbwa ni siku 63 tu, na wanaoamua kusubiri wajitafutie wachukuaji wa watoto sita kuanzia leo, si siku ile watakapozaliwa.

Niongeze neno kwa wale wanaosubiri wakati bora usiofika. Kama nyumba haina ua, na mbwa hawezi kufungiwa, basi mapumziko kamili ya homoni ni ndoto. Daktari mzoefu anaweza kumpasua hata akiwa kwenye joto, kwa uangalifu zaidi na nyuzi zaidi, na hilo ni afadhali kuliko mimba. Ile imani kwamba jike lazima azae mara moja ndipo atulie haina msingi wowote wa kisayansi. Mbwa hana matarajio ya kuwa mama; ana homoni.

Sasa gharama. Bei hutofautiana mno kutoka mji hadi mji, kwa hiyo tutazame kinacholipiwa: dawa ya usingizi, nyuzi, glovu, dawa ya maumivu, kuchemsha vyombo, saa moja ya mtaalamu, na usafiri. Dawa hupimwa kwa kilo, hivyo mbwa mdogo ni nafuu. Mbwa mnene, mwenye mimba au mwenye usaha huchukua muda mrefu na nyuzi nyingi, hivyo ni ghali. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba swali la wakati na swali la bei ni swali moja: wakati unaofaa kwa mwili wa mbwa ndio pia wakati unaofaa kwa mfuko wa mwenyewe.

Kuna mahali ambapo kubana matumizi ni kosa. Sheria yetu ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka kazi ya udaktari wa mifugo ifanywe na waliosajiliwa, na ipo sababu: asiyejua akiacha kipande cha ovari, joto litarudi, akifunga mshipa vibaya, mbwa atavuja damu ndani kwa ndani baada ya yeye kuondoka. Wala dawa ya maumivu isiachwe ili kupunguza bei. Na isibadilishwe kwa vidonge vya nyumbani: diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo binadamu huvimeza bila wasiwasi, hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Vilevile wapo wanaoshauri sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama, iuzwayo kwa bei ndogo. Sindano hiyo ni projesteroni ya kutengenezwa. Msomaji aliyefuata maelezo ya juu ataona mwenyewe matokeo yake: inaulazimisha mfuko wa uzazi kubaki katika hali ile ile inayoleta usaha, na huongeza uvimbe wa matiti. Ni nafuu kwa msimu mmoja.

Mahali pa kubana ni kwingine. Kola ya kumzuia mbwa asilambe kidonda hutengenezwa kwa ndoo ndogo ya plastiki iliyokatwa tako. Fulana kuukuu hufunika kidonda. Chakula cha jioni kabla ya siku ya kazi huachwa bila gharama yoyote, na maji hunywewa hadi alfajiri. Zaidi ya yote, usafiri na vyombo hugharimu karibu sawa kwa mbwa mmoja na kwa mbwa kumi. Daktari akiitwa kwa mbwa mmoja, gharama hizo zote humwangukia mtu mmoja. Wakikusanyika kumi siku moja, katika ukumbi safi wenye maji na meza, zinagawanyika. Wapo walioonyesha njia: katika eneo la Usa River karibu na Arusha shirika la Mbwa wa Africa limekuwa likitoa mbwa vizazi na kuwachanja, na huko Zanzibar chama cha ZAASO kinafanya kazi ya namna hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako mafunzo ya udaktari wa mifugo yalianza mwaka 1976, wanafunzi wanahitaji mikono yao izoee kazi hii hii chini ya macho ya walimu. Haja mbili zinatafutana.

Pendekezo langu kwa halmashauri ni dogo. Tulipotaka kupambana na kupe wa ng'ombe hatukumwambia kila mfugaji ajichimbie josho lake. Kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo mahali pengi hufanywa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tayari huwakusanya mbwa na wenyewe na huandika majina yao. Katika daftari lile lile iongezwe safu moja: jike, umri, tarehe ya joto la mwisho, mwenyewe yuko tayari kuchangia kiasi gani. Chanjo isicheleweshwe hata siku moja kwa ajili ya upasuaji. Lakini kutokana na daftari hilo afisa mifugo atajua majike mangapi yako katika mapumziko mwezi wa Desemba, akapanga siku moja ya kazi kwa kata mbili au tatu. Mwenye mbwa alipe sehemu, kwani kitu cha bure kabisa hakitunzwi. Halmashauri ilipe usafiri na usingizi. Kwa mbwa asiye na mwenyewe, aliyeletwa na mtu mwenye huruma tu, mtaa ulipe yote. Huyo ndiye angezaa jalalani, na watoto wetu ndio hupita hapo wakienda shule.

Najua kwamba pwani wapo wasiopenda kumgusa mbwa kwa sababu ya najisi, na hilo liheshimiwe. Kujiandikisha na kuchangia hakumlazimu mtu kugusa mate. Wala kisa cha aliyemnywesha mbwa mwenye kiu si kigeni kwao.

Shule zinaweza kufanya kazi ambayo halmashauri haina watu wa kuifanya. Shule nyingi za bweni zina mbwa wawili watatu wanaolala nyuma ya jiko. Klabu ya sayansi iwahesabu, iandike majike na madume, ibandike kalenda ya joto ukutani, na ijue nani anachukua watoto wakizaliwa. Wanafunzi wasiwashike wenyewe. Ajaye kuwashika awe mtu mzima aliyechanjwa. Mwanafunzi akiumwa au kukwaruzwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Baada ya kazi ya daktari, mbwa huyo awekwe mahali pakavu pasipo na jua kali, asiachiwe kukimbia kwa siku 10 hadi 14, na kidonda kitazamwe asubuhi na jioni. Uvimbe mdogo ni wa kawaida. Usaha, harufu au nyuzi zilizoachia si za kawaida. Kabla hajaamka, daktari aombwe akate alama ndogo katika ncha ya sikio moja. Hiyo hufahamika katika nchi nyingi kuwa ni alama ya mbwa aliyekwisha kufanyiwa, ili mtu mwingine mwenye huruma, katika mtaa mwingine, asije akampeleka kupasuliwa mara ya pili.